Tundu la Urho

Taimi Lehtovaara alikuwa mtu wa kujua mambo yake. Hilo lazima lisemwe mwanzo kabisa, kwa sababu kiangazi kile watu wengi wa mtaa wetu wa Pispala walimwona akipanda na kushuka ngazi za kilimani na godoro mgongoni, wakaambiana kwamba bibi wa watu keshaanza kuchanganyikiwa. Kuchanganyikiwa alichanganyikiwa kweli, tena vibaya. Lakini uzee usisingiziwe.

Alikuwa ameshona viatu kiwandani tangu usichana mpaka anastaafu, na mshona viatu hababaiki na juu na chini. Soli ni soli, ngozi ya juu ni ngozi ya juu. Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya kilima, ukuta wa nyuma umezama kwenye mchanga na kokoto zake, na marehemu mumewe Urho ndiye aliyeijenga kwa mikono yake, kwa mbao za kuokoteza kama kila mtu wa hapa. Dada mkubwa wa Taimi, Lempi, alikaa juu kabisa, kwenye nyumba inayoona maziwa yote mawili, moja huku na moja kule. Jambo hilo Lempi hakuacha lisahaulike hata siku moja.

"Hujambo huko shimoni?" alikuwa akiuliza kila akipiga simu.

Basi Lempi akaugua. Mwanamke ambaye hajagusa sigara maisha yake yote, anayewatoa wageni nje na viko vyao hata theluji ikianguka, alikutwa na saratani ya mapafu. Walimpasua, wakaondoa kipande cha pafu la kulia, wakamwambia ana bahati imewahiwa. Daktari akamwuliza anakaa wapi. Lempi akajibu kwa fahari: Pispala, juu kabisa. Daktari akaweka kalamu chini.

"Umewahi kupima hewa ya nyumbani kwako?"

Sasa hapo ndipo sisi wote tulipoanza kukumbuka yale matangazo. Watu wa afya walikuwa wakiyarudia redioni, maktabani, hata kwenye ubao wa duka la samaki: kuna gesi inaitwa radoni, inafuka toka ardhini, haina harufu, haina rangi, inapenya kwenye nyufa za sakafu, na ukiivuta miaka nenda miaka rudi inaweza kukuletea saratani ya mapafu hata kama huvuti sigara. Ukivuta, ndiyo mbaya zaidi. Na kilima chetu, kwa kuwa ni kokoto tupu, kinaipitisha kama kichungi. Tulikuwa tukicheka. "Hata hewa wameanza kuitafutia ubaya!" tulisema. Baada ya Lempi hakucheka mtu.

Madada wale wawili wakaagiza vikopo vya kupimia, vidogo, vyeusi, wakaviweka rafuni majira yote ya baridi. Kwetu hewa ya nyumba hupimwa wakati wa baridi, milango imefungwa na moto unawaka; hilo kila mtu analijua kama anavyojua kwamba viazi hupandwa theluji ikiisha. Majira ya kuchipua majibu yakaja. Nyumba ya Lempi ilikuwa imepita kiwango mara nyingi, kiasi cha kutisha. Nyumba ya Taimi haikuwa na kitu cha kutajwa.

Loo, alivyovimba kichwa!

"Haya, dada," alisema kwenye simu, "sasa nani yuko shimoni?"

"We nicheke tu, mdogo wangu."

Sauti ya Lempi tangu apasuliwe ilikuwa nyembamba, inakatika katikati ya neno. Taimi aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Pale pale akasema: "Funga nguo zako. Utakaa kwangu mpaka fundi amalize kuitoa hiyo gesi kwako."

Fundi naye alisema Agosti. Nchi hii mwezi wa saba fundi yuko kwenye kibanda chake ziwani anavua samaki, hata nyumba yako ikiwaka moto utamsubiri. Na daktari alikuwa amesema vuli Lempi atapigwa picha tena, na kwamba mapafu yaliyobaki yasiongezewe mzigo wowote. Kwa hiyo Taimi alijipa kazi moja tu kiangazi kile: kumfikisha dada yake vuli akiwa na kifua safi. Hakuwa na ndugu mwingine duniani. Mtoto hakujaliwa, mume amemzika. Lempi akiondoka, basi hakuna tena mtu wa kumwita shimoni.

Akampa chumba bora kuliko vyote, kile cha chini nyuma ya sauna. Ndicho kilichokuwa chumba cha Urho.

Urho alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha karatasi, analala mchana. Na kiangazi chetu mnakijua, jua halitaki kulala, nyumba ya mbao inageuka tanuri. Siku anachimba msingi, Urho aligundua mahali fulani kati ya kokoto panapotoka upepo wa baridi. Hakupaziba. Aliacha tundu ukutani, ukubwa wa sahani, akalitengenezea kifuniko cha mbao, na Taimi akamshonea mshikio wa ngozi ya kiatu. Joto likija, Urho anafungua tundu lake, anaweka mto mbele yake, analala kama mtoto. Hapo ndipo walipoweka mtindi na bia pia. Baridi ikija, tundu linageuka: ukishika mshumaa karibu, mwali unalalia ndani, joto la nyumba linanyonywa kuingia kilimani. Kwa hiyo Urho huliziba kwa matambara mpaka kiangazi tena.

"Kilima hiki kinavuta na kutoa pumzi," alikuwa akisema. "Kama mimi na wewe."

Taimi aliweka kitanda cha dada yake, na godoro alilokuja nalo, pale pale mbele ya tundu. Madirisha wakayafunga kwa sababu ya mbu.

"Mh!" Lempi alisema asubuhi ya kwanza. "Taimi, humu mmenificha siku zote. Humu ni peponi."

"Nilikuwa nimekwambia shimoni kuzuri."

Wiki zikaenda hivyo. Lempi alilala vizuri, akanenepa kidogo, akaanza tena kumkosoa mdogo wake jinsi anavyokanda mkate mtamu wa iliki, na Taimi akajua sasa anapona. Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, waliikesha wawili, sauna, soseji na bia baridi ya kutoka tunduni.

Baada ya sikukuu Lempi akakumbuka kitu. Outi Rantala, mwanamke kijana wa idara ya afya, alikuwa amemwazima kipimo cha radoni chenye tarakimu, cha kutundika nyumbani kwake juu, ili ijulikane hewa ilikuwaje kabla ya fundi na ikawaje baada yake. Lempi alikuwa amekisahau kwenye boksi lake siku zote. Akapanda kumwagilia maua yake, akakitundika, akakiacha. Aliporudi tena kukisoma, alishuka ngazi kwa kasi ambayo mtu mwenye pafu na nusu hapaswi kushukia.

"Taimi! Wameniongopea! Nyumba yangu safi!"

"Safi namna gani?"

"Tazama mwenyewe! Taa ya kijani! Nimefanywa mkimbizi na nyumba yangu ni safi!"

Taimi akakitazama kipimo kwa jicho la mashaka. Akakitikisa. Akakigonga kwenye meza.

"Kimekufa hiki."

"Hakijafa. Ulivyouzoea ubaya wa kwangu wewe, kila kizuri changu kimekufa."

"Basi tukiache kwangu tuone. Kwangu tunajua hakuna kitu. Kikisema kijani, sawa."

Wakakiweka kwenye kiti, karibu na kitanda. Kipimo kile hakijibu papo hapo, kinataka siku kadhaa kivute na kufikiri. Kilipomaliza kufikiri kikawasha taa nyekundu, na tarakimu iliyotokea ilikuwa jirani kabisa na ile ya kikopo cha Lempi cha wakati wa baridi.

Wote wawili wakaikodolea macho ile taa.

"Umeileta wewe," Taimi alisema mwishowe.

"Nimeleta nini?"

"Hiyo gesi. Kwenye godoro. Umelala nayo juu huko miaka mingapi? Ukija kwangu unakuja nayo mgongoni, unanijazia nyumba!"

"Ala! Godoro langu tena? Mimi najisafisha kuliko wewe, mwanamke unayeweka mtindi chumba cha kulala!"

Ni upuuzi, najua. Hata Taimi alijua, lakini kichwa chake kilihitaji kushika kitu, na godoro ndilo lilikuwa karibu. Kiangazi mwanamke wa huku akichanganyikiwa hufua mazulia. Alikusanya kila zulia la matambara lililokuwa ndani, akachukua na shuka na foronya na mablanketi ya Lempi, akavipeleka kwenye gati la kufulia ziwani. Akasugua kwa brashi na sabuni ya msonobari mpaka vidole vikaota malengelenge. Wanawake wenzake gatini wakamwuliza kulikoni, Taimi.

"Nafua radoni," akajibu.

Wakacheka wakidhani ni utani.

Godoro alilitandaza uani, akalipiga kwa fimbo, jua likalikausha. Wiki ile joto lilizidi, watu walikuwa wanalala varandani. Lempi alilala mbele ya tundu lake akishukuru Mungu. Kipimo kikafikiri tena, na tarakimu ikapanda juu zaidi.

Hapo ndipo Taimi alipopoteza dira. Kama kipimo ni kibovu, basi nyumba ya juu bado ni sumu na Lempi akae hapa. Kama kipimo ni kizima, basi hapa ndipo penye sumu na Lempi apande juu. Lakini kikopo cha baridi kilisema juu ndiko kuna sumu, na vikopo vilisomwa na watu wenye mashine zao. Vyote viwili haviwezi kuwa kweli. Mahali pamoja lazima ni safi na pamoja lazima ni pachafu, la sivyo dunia haina maana. Na kati na kati yuko Lempi, na vuli inakuja, na kila anapovuta pumzi anavuta kitu ambacho Taimi hajui ni nini. Alikuwa akisimama mlangoni kumtazama akilala, kifua kinapanda na kushuka, na alitamani kumwambia aache kidogo kupumua mpaka ajue.

Asubuhi moja, Lempi akiwa sauna, Taimi akabeba godoro akapanda nalo. Amefika juu, ameshashika kitasa, akakumbuka ile sura ya daktari aliyeweka kalamu chini. Akageuka akashuka nalo. Amefika chini, akaona ile taa nyekundu dirishani. Akapanda tena. Safari hii miguu ilimgomea katikati ya ngazi, akalitua godoro, akalikalia, akaanza kulia waziwazi kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Tulimwona.

Lempi akaja akipanda polepole, nywele mbichi, taulo shingoni.

"Unafanya nini hapa na godoro langu?"

"Sijui."

"Unalipeleka juu au chini?"

"Sijui, dada! Sijui! Hapa katikati ndipo mahali pekee sijaambiwa ubaya wake!"

Lempi akataka kucheka. Alipoona uso wa mdogo wake akaacha, akakaa naye juu ya godoro, akatoa simu, akampigia Outi Rantala, ambaye kwa kuwa ni mwezi wa saba alikuwa kibandani kwake ziwani kama watu wote.

"Kipimo chako kimerukwa na akili," Lempi alimwambia. "Juu kijani, chini chekundu."

"Mama Lempi," Outi akasema, "kwa nini kiko chini? Nani anakaa chini?"

"Mimi. Kwa mdogo wangu. Chumba kilichopakana na kilima."

"Usilale hapo leo. Lala nyumbani kwako juu, fungua madirisha. Nakuja kesho."

Alikuja kweli, na viatu vya mpira vya ziwani, likizo yake ameiacha huko. Akakaa jikoni kwa Taimi, akakataa kahawa, na mtu anayekataa kahawa hapa ujue ana jambo zito.

"Kina mama, mnajua sauna. Ukitia maji kwenye mawe, mvuke unakwenda wapi?"

"Juu," madada wakajibu pamoja.

"Na baridi inakaa wapi?"

"Miguuni."

"Basi. Wakati wa baridi, ndani ya kilima kuna joto kuliko nje. Ile hewa inapanda, inatokea juu, kwa mama Lempi. Huku chini kilima kinavuta hewa safi ya nje, ndiyo maana kikopo chako mama Taimi hakikukuta kitu. Kiangazi inageuka. Ndani ya kilima kunakuwa baridi kuliko nje, na hewa ya baridi ni nzito, inashuka, inatokea..."

"Kilima kinavuta na kutoa," Taimi akasema.

"Ndiyo. Ndivyo hasa. Nani alikwambia? Ni kweli tuliandika kwenye karatasi ya maelezo, ukurasa wa pili, kwamba walio chini ya kilima wapime na kiangazi pia."

Ukurasa wa pili Taimi alikuwa amefungia samaki wa moshi. Lakini hakulisema hilo. Aliinuka, akawapitisha nyuma ya sauna, akawaonyesha tundu. Mshikio wa ngozi ulikuwa umeshaiva na kung'aa kwa miaka ya mikono.

Outi aliweka kiganja mbele yake. Upepo ulimpeperusha nywele za paji la uso.

"Hili limekuwepo tangu lini?"

"Tangu nyumba ijengwe."

"Na nani alikuwa analala hapa?"

"Mume wangu. Kila kiangazi, mchana."

Taimi akaendelea bila kuulizwa, kwa sababu ulimi ulikuwa umeshatangulia akili: "Alikufa kwa mapafu. Hakuwa akivuta sigara. Walisema vumbi la kiwandani. Sote tulisema vumbi la kiwandani." Akamshika Outi mkono. "Ni hili? Niambie. Ni hili?"

"Mama, siwezi kukuambia ni hili," Outi alisema. "Wala siwezi kukuambia si hili. Hakuna mtu anayeweza."

Taimi akakaa kwenye kitanda. Miaka yote hiyo alijua alichokuwa akijua. Tundu linavuta wakati wa baridi, linatoa kiangazi. Alikuwa amelitazama kwa mshumaa, ameushona mshikio wake, amelala na mtu aliyelisema kwa maneno ya wazi. Na kiangazi hiki amemchukua dada yake mwenye kidonda kifuani, akamlaza uso ukiwa mbele ya tundu, akafunga madirisha. Kwa upendo. Hakujua amchukie nani. Kilima? Urho? Mikono yake mwenyewe?

"Dada," alisema, "nimekuua."

"Acha maneno yako," Lempi alisema, ingawa rangi ilikuwa imemtoka usoni. Akamgeukia Outi. "Wiki nilizolala hapa?"

"Wiki si miaka, mama. Miaka ndiyo inayohesabika. Umetoka, na umefanya vizuri kutoka. Daktari utamwambia. Chumba hiki fundi atakitengeneza kama chako, kuna mifereji ya kunyonya hewa chini ya sakafu. Ila tundu hili lizibwe sasa hivi."

"Umesikia?" Lempi alisema. "Wiki si kitu. Miaka ndiyo kitu." Kisha akamtazama mdogo wake kwa namna ambayo Taimi hajawahi kutazamwa naye. "Taimi. Tangu Urho afe, kiangazi wewe unalala wapi?"

Taimi akafungua mdomo. Alikuwa analala pale pale. Kwa ubaridi, na kwa sababu mto ulibaki na harufu ya mumewe kwa muda mrefu, na baadaye kwa mazoea tu. Wakati wote huu alikuwa ameshughulika na kifua cha Lempi hata hakukumbuka kwamba naye ana kifua.

"Vuli sitapigwa picha peke yangu," Lempi alisema. "Tutakwenda wawili. Na leo unapanda kulala kwangu. Fundi akichelewa kumaliza, baridi mimi nitashuka kwako, kiangazi wewe utapanda kwangu. Tutahamahama kama bata mwitu."

"Utanisema kila siku."

"Nitakusema, ndiyo. Ulitaka nani akuseme?"

Jioni Outi alipoondoka, Taimi alikoroga saruji kwenye ndoo ya Urho. Alikata ule mshikio wa ngozi akautia mfukoni, akang'oa kifuniko, akapiga magoti na mwiko mkononi. Nje joto lilikuwa halijapungua, na jasho lilimtiririka machoni. Upepo ukamjia usoni kutoka gizani kule ndani, baridi, mtulivu, hauna harufu ya kitu chochote. Alikuwa ametazamia sasa angeuchukia. Haukuwa umebadilika hata kidogo. Ulikuwa mtamu vilevile.

Alibaki hivyo kidogo, macho amefumba, kama Urho alivyokuwa akibaki. Kisha akashtuka, akabana pumzi, akaanza kupanga mawe.

"Taimi!" Lempi aliita toka ngazini, sauti ikikatika katikati. "Bado tu?"

Hakumjibu. Hakuthubutu kufungua mdomo mpaka jiwe la mwisho lilipokaa.